Kisigino Kwenye Ubao wa Mbele

Pale gatini walimwita Taratibu, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila kijana aliyemkuta akivua kwa papara, akitupa mshipi na kuurudisha kabla haujalowa vizuri, alisimama nyuma yake mikono kiunoni na kumwambia, "Taratibu, bwana, taratibu. Kipupwe hakitaki fujo." Kisha somo likaanza, mtu atake asitake. Alieleza jinsi maji ya kina kifupi yanavyopoa miezi ya baridi, samaki wakahama na kujibanza kwenye shimo lililo pale hori, ule mkono wa bahari, linapopinda. Alieleza kwamba humo shimoni wanakaa wazito, hawana hata njaa ya maana, na kwamba kwenda kuwavua alfajiri ni kujitafutia mafua bure. Mvuvi asubiri jua lipande, lilipashe tope jeusi la kando, maji yanayopwa yapite juu ya lile tope, yachukue uvuguvugu na kuupeleka shimoni. Hapo ndipo samaki hufungua mdomo. Na hata hapo haumi. Ananusa, anagusa, anatema. "Ukitaka kumpata, lazima umsikie kwa ncha za vidole," Taratibu alimalizia, akiinua vidole vyake viwili hewani ili wote wavione.

Somo lilikuwa la kweli mwanzo hadi mwisho. Uongo ulikuwa kwenye vidole tu. Katika miaka thelathini na minane ya kuvua kwenye lile shimo, vidole vya Taratibu havikuwahi kumsikia samaki hata mmoja. Aliyesikia alikuwa mkewe.

Mkewe alivunjika bega la kulia utotoni, likaunga vibaya, na tangu hapo mkono ule haukuweza kuvuta kitu kizito kuliko ndoo iliyojaa nusu. Taratibu alikuwa na mabega ya kubeba magunia lakini vidole vyake, kama mkewe alivyopenda kusema, vilikuwa vimeazimwa kwa fundi mwashi. Basi waligawana kazi. Yeye alikaa nyuma ya kiboti chao cha mbao akishika kile kibao kilichozungushiwa mshipi. Mshipi ulitoka mkononi mwake, ukapita urefu wote wa boti, ukapita katikati ya vidole viwili vya mkewe aliyekaa mbele, ndipo ukazama majini na chubwi yake ya kuuzamisha na ndoana yake na kamba mmoja mbichi wa chambo. Samaki alipogusa, mkewe hakusema neno, maana aliamini maneno huingia majini. Aligonga kisigino mara moja kwenye ubao wa chini. Tuk. Taratibu akavuta. Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi: tuk, vuta.

Sasa mtu aliyesimama gatini aliona nini? Aliona mwanamume amesimama anapandisha chewa wa kutosha familia, na mwanamke ameketi mbele ametulia kama abiria. Sifa zote zikamwendea mwanamume. Mwanzoni alijaribu kuzikataa. Jioni moja alimwambia mkewe kwamba kesho atawaeleza watu ukweli. Mkewe alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe vuta tu," alisema. "Hizo sifa nitazipika na nini?" Basi akaziacha. Mwaka ukapita, na mwingine, na kilemba cha ukoka alichovikwa kikazidi kumkaa vizuri kichwani, hadi akaanza kutoa masomo.

Kisha mkewe akaugua siku chache tu na kufariki, kabla hata ya watu wa mbali kupata habari kwamba anaumwa.

Kipupwe cha kwanza baada ya msiba Taratibu alikwenda shimoni peke yake. Alikaa nyuma, mahali pake, na boti ikanyanyua pua juu, ikawa haishikiki kwa mkondo. Siku iliyofuata alichukua dumu la lita ishirini, akalijaza maji ya bomba, akalifunga kamba pale mbele alipokuwa akikaa mkewe. Boti ikatulia kidogo. Dumu la pili lingefaa zaidi lakini hakuliweka, kwa sababu aliona kama anamkadiria marehemu uzito. Akashusha mshipi, akaushika kwa vidole viwili, akasubiri. Alisikia mkondo. Alisikia chubwi ikiburuta chini. Alipopandisha mshipi, ndoana ilikuwa tupu, imelambwa safi. Akatia kamba mwingine, akashusha, akapandisha, tupu. Wale samaki walikula kopo zima la chambo wakiwa hawana wasiwasi wowote, na yeye akarudi mikono mitupu.

"Leo hawapo?" aliuliza mlinzi wa gati, mtu mwema aliyekuwa akishinda kwenye kiti chake cha plastiki amejifunika blanketi miezi yote ya kipupwe.

"Maji yamekuwa machafu," alijibu Taratibu.

Kesho yake, alisema, maji yalikuwa makali mno. Keshokutwa yake mwezi ulikuwa mbaya. Siku ya nane visingizio vilimwishia, na hapo ndipo alipofanya jambo la kipuuzi ambalo mtu asiye na jina la kulinda asingelifanya. Alipiga makasia hadi ng'ambo ya pili wanakoshushia watu wa nyavu, akanunua changu mmoja mzuri, akampitisha uzi kwenye mashavu, akarudi naye gatini akimning'iniza wazi kabisa.

"Shikamoo mzee Taratibu! Naona wameanza kukutii!" mlinzi alimpokea.

"Marahaba. Wapo, kwa anayejua kusubiri."

Tangu siku hiyo akawa mvuvi wa kununua. Miezi ya joto haikumtesa, kwa sababu miezi ya joto samaki hujaa kila mahali, wanarukia ndoana kama wamelipwa, na hata vidole vya mwashi huwapata. Gatini watu hujaa, soga hupigwa, mtu hana nafasi ya kujisikia. Kipupwe ndicho kilichomuumbua. Kipupwe wenzake walikwenda nje zaidi na nyavu, au walikaa majumbani kushona zilizochanika, na hori lote likabaki na watu wawili: mlinzi ndani ya blanketi lake, na Taratibu shimoni na dumu lake la maji.

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Vyumba viwili, mwisho wa kichochoro, nyuma ya banda la fundi baiskeli. Mkate mmoja ulimshinda kumaliza, nusu yake iliota ukungu kila wiki, na duka la jirani halikuuza nusu mkate. Redio ilikuwa ikisema kutwa nzima, si kwamba alipenda vipindi, bali alipenda kuwa na mtu wa kubishana naye. Alimpinga msoma habari waziwazi. Alimpinga hata mtabiri wa hali ya hewa, tena kwa hasira. Kipindi kikiisha na muziki ukaanza, alikuwa akijikuta amekaa kitandani hana la kusema, na upweke ulimfanya ainuke akafagie sehemu aliyokwisha kufagia.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, fundi cherehani katika mji wa bara, safari ya basi ya kutwa. Katika kipupwe cha pili Taratibu alishikwa na homa akalala siku tatu bila mtu kujua, mpaka mlinzi alipoona boti haijasogea na kuja kugonga mlango. Baada ya hapo binti hakuwa na wimbo mwingine. Kila simu ilikuwa ni moja: baba hama, baba nimekutengea chumba, baba utakufa peke yako huko nipigiwe simu na mlinzi. Na kila mara Taratibu alikuwa na jibu moja.

"Nihame vipi, mama? Juzi tu nimepandisha chewa wawili. Mtu anayejilisha kwa mikono yake hahamishwi kama kabati."

Jibu hilo ndilo lililokuwa limeshikilia kila kitu. Nyumba, boti, ile njia ya kushuka gatini, ubao wa mbele alipokaa mkewe: vyote vilibaki vyake kwa sababu alikuwa bado anavua. Siku binti atakapojua kwamba havui, yeye Taratibu hatakuwa na hoja tena.

Ijumaa moja, katikati ya kipupwe cha tatu, alirudi na changu wake wa kununua akamkuta binti ameketi kizingitini, begi miguuni. Hakuwa ametoa taarifa. Walisalimiana, wakaulizana habari za huko na za hapa, na binti akampokea samaki mkononi kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana, akaingia naye jikoni. Taratibu akabaki barazani anafuta makasia ambayo hayakuhitaji kufutwa. Alisikia kisu kikiparua magamba. Kisha kisu kikanyamaza.

"Baba. Hebu njoo."

Samaki alikuwa amelazwa kwenye sinia, kichwa kimeelekezwa dirishani kwenye mwanga. Binti alimfungua mdomo kwa kidole gumba.

"Mdomo mzima huu. Tundu la ndoana liko wapi?"

"Wengine hushikwa kwa juu juu tu."

"Na hii?" Nyuma ya mashavu, pale shingo ya samaki ingekuwa kama angekuwa na shingo, magamba yalikuwa yamekatika kwa mstari uliozunguka mwili mzima. Ni alama anayoacha wavu samaki anapojisukuma ndani yake. Mtoto wa mvuvi huijua kabla ya kujua kusoma, na Taratibu, kwa kujisahau kwake, alikuwa akiipitisha mbele ya watu misimu mitatu akidhani mlinzi mzima wa gati hana macho.

Akavuta kiti akakaa. Alitaka kusema uongo mwingine, akautafuta, haukuja.

"Mimi siwasikii," alisema. "Sijawahi. Alikuwa mama yako."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Baba, mimi nilikuwa nakaa katikati. Utoto wangu wote nimekaa katikati ya hiyo boti. Ulifikiri sisikii kisigino?" Alirudi kuparua magamba, lakini polepole. "Mama aliniambia nisiseme. Aliniambia, 'Muache baba yako, anapendeza akijisifu.'"

Taratibu alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani, ikabidi aangalie ukutani kwa muda. Binti alimwacha aangalie.

Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda vizuri, walikwenda shimoni wote wawili. Binti alilifungua dumu kamba, akalisogeza katikati, akakaa mbele bila kuuliza ruhusa. Vidole vyake vilikuwa vimezoea uzi. Miaka yote ya kupitisha nyuzi kwenye tundu za sindano haikuwa imepotea. Maji yalipwa, yakapita juu ya tope, na uvuguvugu ukaanza kuteremka kwa samaki kama ilivyokuwa siku zote.

Tuk.

Mkono wa Taratibu ulivuta kabla kichwa chake hakijajua. Mshipi ukakaza, boti ikayumba, na baada ya vuta nikuvute ya kutosha kumtoa jasho akapandisha chewa mnene, mwenye hasira, ndoana imepenya mdomo wa juu. Alipiga kelele kama mtoto. Binti naye alipiga kelele, ya maneno kuingia majini wakayasahau. Walipata wa pili, na wa tatu aliyechomoka ndoanani karibu kabisa na ukingo, nao wakatupiana lawama kwa furaha. Kwa saa mbili Taratibu hakuwa mpweke, na alilijua hilo wakati huohuo, jambo ambalo si la kawaida.

Walipokuwa wanarudi binti alisema, "Kesho naondoka. Nina nguo za watu mezani."

"Najua."

"Siwezi kuja kila Jumamosi kukugongea ubao."

"Sijakuomba."

"Basi tuelewane." Aligeuka wakatazamana. "Mpaka kipupwe kiishe. Nataka mmoja tu, umsikie mwenyewe, umvute mwenyewe, mwenye tundu mdomoni. Ukimpata, sitataja tena habari ya kuhama mpaka nizeeke na mimi. Usipompata, nakuja na gari. Na usininunulie."

"Sikununulii."

"Na baba, usikae nyuma. Hiyo ya nyuma ni nafasi ya mvutaji. Anayesikia anakaa mbele."

Taratibu alipiga makasia tu.

Alitunza ahadi ya kutonunua. Alipita gatini mikono mitupu siku baada ya siku, na mlinzi, ambaye yamkini aliijua alama ya wavu kitambo, hakuuliza kitu, alimpa tu "shikamoo" na kusogeza kiti cha pili. Lakini mbele hakukaa. Dumu lilirudi mahali pake, yeye akarudi nyuma, na samaki wakaendelea kula chambo chake bila bughudha. Alijiambia mbele kuna upepo. Alijiambia magoti. Ukweli ni kwamba ile nafasi ilikuwa bado ina mwenyewe. Kama angekaa pale yeye, basi ingekuwa amekiri kwamba mwenyewe harudi.

Wiki zikaisha hivyo. Asubuhi zikaanza kupoteza ubaridi, mlinzi akaanza kukunja blanketi mapema, na Taratibu akaelewa kwamba amebakiwa na siku za kuhesabu kwenye mkono mmoja. Siku hiyo maji yalikuwa yanapwa polepole, jua kali, tope la kando linatoa mvuke mwembamba. Alitia nanga pale hori linapopinda. Akakaa. Akasimama. Kisha akafungua kamba ya dumu, akalibeba, akaliweka nyuma, mahali pake mwenyewe, akaenda kukaa mbele.

Ubao wa mbele ulikuwa tofauti. Hakuwahi kuukalia hata mara moja tangu anunue ile boti. Alipoushusha mguu wa kulia ili upumzike, kisigino kiliingia mahali, kwenye kishimo kilicholika kwenye ubao wa chini, laini, cha upana wa kisigino kidogo kuliko chake. Alikaa hivyo muda mrefu, mguu hapo, akiangalia maji.

Akashusha mshipi. Akaupitisha katikati ya vidole viwili, si kwa kuubana kama alivyozoea, bali kwa kuuacha ulale tu, kama alivyoona vikilala vidole vya mkewe maelfu ya mara bila kuvitazama vizuri. Mkondo ulikuja. Chubwi ikagusa chini. Hakuwaza samaki. Alimuwaza mkewe akiweka kisu chini ili acheke.

Ndipo kikaja kitu. Kilikuwa kidogo, kidogo mno. Mshipi haukutikisika, uligeuka tu mzito kwa uzito wa pumzi moja, kisha ukawa mwepesi. Hakuhitaji kuambiwa. Akafanya haraka jambo ambalo mtu anayekaa mbele ya boti ile amelifanya siku zote.

Aligonga kisigino.

Tuk, ubao ukaita. Na Taratibu akasubiri. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili alikaa ametulia, mwenye furaha kabisa, anasubiri mshipi uvutwe kutoka nyuma yake. Kisha akageuza kichwa. Nyuma kulikuwa na dumu.

Alipopandisha mshipi ndoana ilikuwa tupu, imelambwa safi.

Kamba walikuwa bado wamejaa koponi. Maji yalikuwa bado yanapwa, saa nzima nzuri ilikuwa mbele yake, na vidole sasa vilikuwa vimejua. Angemsikia wa pili. Angekumbuka kuvuta. Alilijua hilo vizuri kama alivyojua jina lake, na angerudi gatini na chewa mwenye tundu mdomoni, na nyumba ingebaki yake, na redio, na nusu mkate. Alikaa akiifikiria ile nusu mkate. Kwa miezi yote hii alidhani anachokipigania ni samaki, kumbe alichokosa ni mtu wa upande wa pili wa boti.

Akatoa simu kwenye mfuko wa plastiki, akapiga. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakimbia.

"Baba! Upo wapi? Nasikia maji."

"Nipo shimoni. Nimekaa mbele."

Cherehani ikasimama. "Umempata?"

"Nimemsikia, mama. Nimemsikia vizuri kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasikia yeye?"

"Ndiyo, baba. Ukampata?"

"Nikapiga kisigino."

Taratibu akautazama uso wa simu kuona kama imekatika. Kisha sauti ikaja, ndogo.

"Nani akavuta?"

"Hakuna mtu," alisema Taratibu. "Hakuna mtu, mwanangu. Jumamosi njoo na gari."

Akairudisha simu kwenye mfuko wake, akafunga vizuri isiingie maji. Akaenda nyuma, akafungua kizibo cha dumu, akaliinamisha ukingoni na kuliacha limwagike lote horini. Kisha akang'oa nanga, akashika makasia.